Taa ndogo ya klavie na namba ya mama aliyekimbia vita

"Mama, namba yako haipatikani. Ulitoa namba mbaya." Familia nyingi zilizokimbia vita katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri zinayajua maneno haya. Siku ya kuandikishwa mama alitaja namba yake polepole, na mtoto wake mkubwa akairudilia. Siku ya kuitwa ikafika, wenzake wakapokea ujumbe, yeye akabaki na simu kimya mkononi. Akienda kuuliza, anaambiwa kosa ni lake. Mara nyingi anainamisha kichwa na kurudi alipotoka, maana nani atabishana na kompyuta?

Ni kweli kwamba si kila namba inapotea mezani. Wako wanaobadilisha kadi ya simu, na wako wanaotoa namba ya jirani kwa kuwa hawana simu. Lakini kuna kosa moja ambalo linazaliwa kwenye meza ya mwandishi na linafahamika tangu zamani. Kulisahihisha hakuombi hata franga moja. Ni jambo la kusikitisha kwamba bado linabebeshwa wale waliokwisha kupoteza nyumba na shamba.

Kosa lenyewe liko kwenye kibonye cha Verr Num. Klavie nyingi za Kongo ni zile za Kifaransa, AZERTY. Kwenye mstari wa juu wa klavie hizo namba hazitoki bila kushikilia kibonye cha herufi kubwa. Mtu akiandika 0998 bila kukishikilia, kinachotoka ni àçç_. Ndiyo sababu waandishi wanapenda kutumia namba zilizo upande wa kulia, ambako mkono mmoja unakwenda haraka. Lakini namba hizo za kulia zina kazi mbili. Verr Num ikiwa imewashwa, 8 ni 8. Ikiwa imezimwa, 8 inakuwa mshale wa kupanda juu, 2 inashuka, 4 inaenda kushoto, 6 inaenda kulia, 9 inarusha ukurasa mzima kwenda juu, na nukta iliyo karibu na 0 inafuta.

Sasa fikiria ajenti mwenye foleni ya watu mia moja mlangoni. Macho yake yako kwenye karatasi. Anapiga 0998 kwenye orodha ya Excel na Verr Num imezimwa. Ile 0 haifanyi kitu, 9 mbili zinamrusha kurasa mbili juu, 8 inampandisha mstari mmoja tena. Kisha anaandika jina la mtu anayefuata, na jina hilo linaanguka juu ya familia nyingine iliyoandikwa asubuhi. Mama wa kwanza hana namba, na familia ya asubuhi imefutwa jina bila hata kuwa mlangoni. Kompyuta haipigi kelele. Kwake hakuna kosa lolote, ilitii mishale.

Wengine watasema ajenti aangalie vizuri. Aangalie, ndiyo. Lakini mahali ambapo umeme unakatika mara tatu kwa siku na jenereta inazimwa kwa kukosa mafuta, kompyuta ya mezani inawaka upya kila mara, na kila mara inaweza kuamka na Verr Num imezimwa. Asubuhi ajenti aliiwasha kwa mkono. Saa saba umeme umerudi, amekaa, anaendelea kama alivyokuwa. Kumwomba mtu aliyechoka akumbuke taa ndogo ya kijani mara tano kwa siku, huko ni kutegemea bahati. Kinachotakiwa ni mashine yenyewe iwake ikiwa tayari.

Tabia hiyo ina asili yake. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na vibonye 83, na haikuwa na mishale ya peke yake. Mishale na namba viligawana vibonye vile vile, ndiyo maana kuwaka na namba zimezimwa kulikuwa na maana. Klavie za vibonye 101 zilipokuja, miaka michache baadaye, mishale ilipata mahali pake. Kile kibonye kikabaki, na mashine nyingi zikabaki na desturi ya zamani.

Dawa iko mahali pawili. Pa kwanza ni ndani ya mashine, kabla Windows haijaanza. Mara tu inapowaka, piga F2, Delete au F10 kufuatana na aina yake, tafuta mstari wenye neno NumLock, weka On, hifadhi, toka. Pa pili ni Windows. Kwenye ukurasa wa kuomba neno la siri, kabla ya kuingia, piga Verr Num mpaka taa iwake, kisha chagua Redémarrer palepale. Kwa kawaida Windows itakumbuka. Ikisahau, mara nyingi sababu ni ile inayoitwa démarrage rapide, ambayo haizimi kompyuta kabisa. Iondoe kwenye Options d'alimentation. Kazi yote haifikishi dakika kumi, na mkubwa wa ofisi anaweza kuomba ifanywe kwenye kila mashine kabla ya siku ya kuandikisha.

Angalisho kwa wenye kompyuta ndogo za kubeba ambazo hazina namba za kulia. Kwa baadhi yake, hasa za zamani, Verr Num inageuza herufi kuwa namba: J inakuwa 1, K inakuwa 2, L inakuwa 3, U, I na O zinakuwa 4, 5 na 6. Hapo Kahindo anaandikwa 2ah5nd6, na neno la siri linakataliwa hata kama mwenyewe analijua vizuri. Kwa mashine hizo weka Off.

Upande wa familia, jambo moja linawezekana leo, nalo ni haki, si kiburi. Kabla ya kuondoka mezani, mama au baba aseme: "Tafadhali, nisomee namba yangu kama ilivyo kwenye kompyuta." Si kwenye karatasi, kwa sababu karatasi iko sawa. Asiyejua kusoma asikilize namba moja moja na kuhesabu kwa vidole mpaka kumi. Na ajenti asikasirike. Kusoma namba kumi kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta, mwezi mzima, jina lililoandikwa juu ya jina la mwingine.