Tembe za presha na mazoezi: Usiache kimoja kwa ajili ya kingine

Mama mmoja wa mtaa wa Section 58, Nakuru, ameniandikia barua ambayo nimeona heri niijibu hapa hadharani, kwa maana linalomtatiza linawatatiza wengi. Anasema ana umri wa miaka 53, na kwamba miaka miwili iliyopita alipatikana na shinikizo la damu, au presha kama tulivyozoea kuuita ugonjwa huu. Daktari alimpa tembe za aina mbili, atenolol na "dawa ya maji", kisha akamshauri afanye mazoezi. Sasa yeye na majirani zake hutembea kwa kasi kila Jumamosi alfajiri. Lakini akimeza tembe zake, miguu huwa mizito na wenzake humwacha nyuma. Kwa hivyo siku ya matembezi hazimezi. Isitoshe, mwanawe aliye chuoni, ambaye ni bondia, amemwomba zile tembe za maji apunguze uzani kabla ya pambano. Anauliza: Je, kuna ubaya?

Ubaya upo, mama, tena katika yote mawili.

Kwanza, usijione uko peke yako. Mnamo 2007 na 2008, watafiti waliwapima zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika iliyokuwa wilaya ya Nakuru. Karibu nusu yao walikuwa na presha. Kwa hivyo mkiwa kumi katika kundi lenu la alfajiri na wote mmefika umri huo, huenda watano kati yenu wana presha, na baadhi hawajui.

Kwa nini miguu huwa mizito

Mtu anapoanza kutembea kwa kasi, mwili humwaga homoni ya adrenalini, nayo huuamuru moyo udunde upesi zaidi. Atenolol, pamoja na ndugu zake propranolol, bisoprolol na carvedilol, huizuia amri hiyo isiufikie moyo kwa nguvu zote. Ni sawa na kile kifaa cha kudhibiti mwendo kinachofungwa kwenye matatu: hata dereva akikanyaga mafuta vipi, gari halipiti kiwango fulani. Ndiyo sababu unachoka mapema kuliko jirani yako asiyetumia dawa hiyo. Huo si uvivu, na mara nyingi si dalili kwamba ugonjwa umezidi.

Walimu wengi wa mazoezi hutumia hesabu ya kutoa umri wako kutoka 220 ili kukisia kikomo cha mapigo ya moyo kwa dakika. Kwa mtu wa miaka 53, jibu ni 167. Hesabu hiyo haimfai anayemeza atenolol, kwani anaweza kuishiwa na nguvu kabla hajakikaribia kiwango anachoambiwa akifikie. Kipimo chako kiwe mdomo wako: ikiwa unatembea na unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo huo unatosha. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, punguza.

Ama kuruka tembe siku ya mazoezi, hilo liache leo. Moyo uliozoea kuzuiwa, ukiachiliwa ghafla, huitikia adrenalini kwa pupa. Presha inaweza kupanda, mapigo yakaenda mbio au yakavurugika, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupatwa na maumivu ya kifua au hata mshtuko wa moyo. Nawe unaiacha dawa siku ile ile unayoutwika moyo mzigo! Rudi kwa daktari umweleze kwamba dawa inakuchosha. Anaweza kubadilisha kipimo, saa ya kumeza, au dawa yenyewe. Zipo nyingine, kama amlodipine na losartan, ambazo haziufungi moyo kasi, ingawa amlodipine huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa jirani.

Maji, jua na tembe za maumivu

Dawa ya maji, mathalani hydrochlorothiazide au furosemide, hukufanya ukojoe maji na chumvi, na pamoja nayo madini ya potasiamu. Jasho nalo hutoa maji na chumvi. Yakikutana hayo mawili, misuli hukakamaa na kizunguzungu huja. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ni baridi, lakini jua likishapanda huchoma. Anayepanda Menengai, ambayo kilele chake ni mita 2,278, ajihadhari zaidi. Nenda mapema, beba maji, unywe kidogo kidogo. Muulize daktari kama unaweza kumeza dawa ya maji baada ya kurudi nyumbani. Lakini mgonjwa aliyewekewa kipimo cha maji kwa sababu moyo wake ni dhaifu asikizidishe bila idhini.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Magoti yakiuma baada ya mazoezi, watu hukimbilia duka la dawa kununua diclofenac au ibuprofen. Tembe hizi zenyewe hupandisha presha. Tena, zikichanganywa na dawa ya maji pamoja na enalapril, lisinopril au losartan, hasa mtu akiwa amepungukiwa na maji, zinaweza kuziumiza figo. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unatumia dawa za presha.

Kumaliza kuna adabu yake pia. Misuli ikiwa moto, mishipa ya damu hupanuka. Ukisimama ghafla, damu hutuama miguuni na presha huteremka. Kwa anayetumia dawa za presha huteremka zaidi, na ndipo mtu huanguka langoni akidhaniwa amerogwa. Tembea polepole dakika tano hadi kumi kabla ya kuketi. Ukiinua vyuma, usibane pumzi, kwani presha hupanda sana. Na ikiwa kipimo chako ni 180 kwa 110 au zaidi, ahirisha mazoezi umwone daktari kwanza.

Ukihisi kifua kikibana, maumivu yakishuka mkononi au tayani, pumzi ikikatika kuliko kawaida, au ukikaribia kuzirai, simama papo hapo na utafute msaada. Usijikaze kwa kuwaonea haya wenzako.

Kijana na tembe za mama

Sasa nakugeukia wewe kijana. Dawa ya maji haiyeyushi mafuta. Hukausha mwili tu. Mizani itashuka, ndiyo, lakini utaingia ulingoni ukiwa mkavu, chumvi za mwili zimevurugika, na moyo wenyewe hutegemea potasiamu ili udunde sawasawa. Wewe hufanyi mazoezi kwa sababu ya tembe za mamako. Fanya mazoezi upunguze uzani wiki kadhaa kabla.

Tena dawa hizo zimepigwa marufuku katika michezo yote, wakati wote, kwa kuwa huweza kuficha dawa nyingine katika mkojo. Mnamo Agosti 2015, wanariadha wetu wawili, Joyce Zakary na Koki Manunga, walipatikana na furosemide walipopimwa katika mashindano ya dunia mjini Beijing, wakafungiwa miaka minne. Jamii ya atenolol nayo hairuhusiwi mashindanoni katika michezo inayohitaji mkono usiotetemeka, kama vile kulenga shabaha, dati na gofu. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alipokonywa medali mbili za bastola katika Olimpiki ya 2008 kwa sababu ya propranolol. Mchezaji ambaye kweli ni mgonjwa asiache dawa. Kuna kibali cha matibabu, na hapa Kenya huombwa kupitia shirika la ADAK, lililoundwa kwa sheria ya 2016.

Mama, endelea kutembea. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma, ndiyo tiba inayokwenda sambamba na tembe zako. Mwambie daktari kila dawa unayomeza na kila zoezi unalofanya, wala usimfiche kitu, maana mficha uchi hazai. Na wenzako wakikutangulia, waache watangulie. Hata Jumamosi ijayo barabara itakuwepo, na tungependa nawe uwepo.