Bima ya Afya Marekani: Dola Chache Zafuta Ruzuku Yote

Wanaojiajiri nchini Marekani wameanza mwaka 2026 na bei mpya za bima ya afya, na safari hii kampuni za bima si za kulaumiwa peke yake. Anayejinunulia bima katika soko lililoundwa na sheria ya mwaka 2010 hupimwa kwa tarakimu isiyoonekana kwenye hati ya mshahara. Huko huitwa MAGI, yaani pato ghafi lililorekebishwa, kisha likarekebishwa tena.

Hesabu huanza na mapato yanayotozwa kodi. Huondolewa vipunguzo vichache, kama akiba ya uzeeni na nusu ya kodi ya kujiajiri. Kisha hurudishwa riba isiyotozwa kodi, sehemu ya pensheni ya Social Security iliyosamehewa, na mapato ya ng'ambo yaliyosamehewa. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wanadhani msamaha wa kawaida wa kodi, dola 16,100 kwa asiye na mwenzi mwaka huo, utawashusha. Haushushi hata senti, kwa kuwa hutolewa baada ya tarakimu hiyo kupatikana.

Toka 2021 hadi mwisho wa 2025 kosa hilo halikuumiza sana, kwani aliyepita kikomo aliendelea kupata ruzuku iliyopungua polepole. Nafuu hiyo ilikwisha. Kwa bima ya 2026, kikomo cha mtu mmoja katika majimbo mengi ni dola 62,600, mara nne ya kiwango cha umaskini. Akizidisha, ruzuku yote huondoka.

Chukua dereva wa lori mwenye umri wa miaka 60, aliyejiajiri, ambaye bima yake ya kipimo ni dola 1,000 kwa mwezi. MAGI yake ikiwa 62,000, atatakiwa kuchangia asilimia 9.96, karibu dola 6,175 kwa mwaka. Ruzuku hujazia 5,825. Desemba anapata shehena moja ya ziada, MAGI inafika 63,000. Sasa anadaiwa zile 5,825 zote, maana mipaka iliyopunguza marejesho ya ruzuku imefutwa kuanzia mwaka huo wa kodi. Amefanya kazi kwa hasara. Sheria ya namna hii humfundisha mtu kukataa kazi, na watunga sheria waliijua kasoro hiyo kabla ya kuirudisha.

Dereva huyo bado ana mlango. Akiweka dola 1,000 katika akiba ya uzeeni ya IRA ya kawaida, MAGI yake hurudi 62,000, na anaruhusiwa kuziweka hadi Aprili 2027. IRA ya aina ya Roth haisaidii, ingawa mabenki huzitangaza zote mbili kwa pamoja.

Wazee wa Medicare wana MAGI yao, nayo si ileile: haihesabu pensheni iliyosamehewa, na hutazama nyuma miaka miwili. Asiye na mwenzi aliyeuza hisa mwaka 2024 na pato lake likapita dola 109,000, mwaka 2026 analipia Sehemu B angalau dola 284.10 kwa mwezi badala ya 202.90, hata kama faida ile imeshaliwa.