Ankara ya Maji Itutajie na Kilichomo

Hapa Nkuhungu, Dodoma, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, haya maji ya bomba si ndiyo yanayotuletea mawe kwenye figo?" Anayeuliza ameshauona ukoko mweupe ndani ya birika lake la umeme, na ameshabadilisha koili ya hita zaidi ya mara moja. Nilifundisha kemia sekondari hadi nikastaafu, kwa hiyo majirani wanadhani majibu ninayo. La ukoko ninalo. Ule ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kinachojenga ganda la yai. Loweka birika kwa siki au maji ya ndimu, utauona ukichemka mapovu na kubanduka.

Sehemu kubwa ya maji yetu ya Dodoma hutoka chini ya ardhi, hasa visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Mvua huku ni ya msimu mmoja, na maji yanayozama hukaa muda mrefu kwenye udongo na miamba yakiyeyusha kalsiamu na magnesiamu. Huo ndio ugumu wa maji. Ndiyo maana sabuni ya mche hugoma kutoa povu na kuacha utando kwenye beseni, lakini masika, tukikinga maji ya bati, kipande kile kile kinatoa povu hadi tunashangaa. Ugumu huu unaharibu vyombo na kumaliza sabuni, na hiyo ni hasara ya kweli kwa mama anayefua kwa kipato kidogo. Kwa afya, Shirika la Afya Duniani halijaona sababu ya kuuwekea kikomo. Anayejiweka pabaya kwa mawe ya figo ni yule anayepunguza kunywa maji kwa kuyaogopa, na jua letu hili.

Hofu hiyo kuna wanaoifanyia biashara. Nimemkuta kijana kwenye sebule ya jirani, amepanga glasi mbili mezani: moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji yaliyopita kwenye mashine anayouza. Akatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma, akawasha umeme. Baada ya dakika chache glasi ya bomba ikawa na tope la kahawia lenye povu. Ile nyingine ikabaki safi. Jirani akashika mdomo. Nilimwomba kijana avitoe vijiti, tukavitazama wote: vilikuwa vimelika. Tope lile lilikuwa kutu ya vijiti vyenyewe. Maji yenye madini hupitisha umeme, chuma kikayeyuka. Maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo hayakubadilika. Jaribio lile halisemi lolote kuhusu usalama wa maji ya kunywa, lakini watu wanaliamini hadi wanakopa fedha za VICOBA kununua mashine.

Kinachoniuma ni kwamba vitu vya kuogopwa vipo kweli, ila havionekani kwenye birika. Floridi haina rangi wala ladha. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita hutia meno ya watoto madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hupinda mifupa; ndugu zetu wa Arusha, Manyara na Singida wanalijua hilo kwa kutazamana usoni. Nitrati nayo huingia kwenye visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo, na ikipita miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Kuchemsha maji huua vijidudu, na naomba watu waendelee kuchemsha, lakini floridi na nitrati hubaki palepale. Maji yakipungua sufuriani, zenyewe hazipungui. Kuna na la magadi. Maharage kwenye maji magumu huchelewa kuiva, hivyo tunatia magadi, yanaiva. Lakini magadi ya kuokota kwenye maziwa ya Bonde la Ufa huweza kubeba floridi nyingi. Mtu anamkimbia asiyemdhuru, anamkaribisha jikoni anayemdhuru.

Ninachodai ni kitu kidogo. Kila mwezi ankara hutufikia kwa simu: usomaji wa dira, yuniti, deni, namba ya kulipia. Iongezwe mistari miwili: ugumu, floridi, nitrati, na kama vijidudu vimepatikana, kwa eneo langu, pamoja na tarehe ya kipimo. Najua EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, na ubora wa maji umo ndani yake. Lakini ripoti ile huandikwa kwa ajili ya wataalamu, na jirani yangu hataisoma. Marekani, tangu 1999, kampuni za maji zinalazimika kumpa mteja taarifa ya ubora wa maji yake kila mwaka. Sisi tuna njia ya haraka zaidi, tayari iko mfukoni.

Nimeshaambiwa kwamba tarakimu zitawatia watu taharuki. Taharuki ipo tayari, na inauzwa sebuleni kwa umeme na vijiti vya chuma.

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, viwanja vimepimwa hadi porini, na nyumba nyingi za pembezoni zinaishi kwa maji ya kisima cha mtu binafsi, ambayo hakuna ankara itakayoyataja. Hizo ziangaliwe kwanza. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo. Mwenye kisima anayeuzia majirani alazimike kupeleka sampuli na kubandika matokeo pale pale penye bomba, kwa Kiswahili, mahali ambapo mama mwenye ndoo na mtoto mgongoni atayasoma kabla hajalipa.