Pembe za shamba ni za watoto wa shule

SAUTI YA BONDENI
Na Salome Matimbwa

Mpunga umeshaanza kushuka kutoka Mngeta, Mlimba na Malinyi. Mashine za kukoboa hapa Ifakara zinaunguruma mpaka usiku, malori ya wanunuzi wa Dar es Salaam yamepanga foleni, na kwa wiki chache zijazo nyumba nyingi za bonde hili zitakuwa na chakula na fedha kwa wakati mmoja. Hali hiyo haidumu mwaka mzima, kila mkulima anajua. Ndiyo maana nimechagua wiki hii kuandika juu ya shule za Wayahudi wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Nina jambo la kuwaomba wenye mpunga wa Kilombero, na haliwezi kusubiri mpaka Desemba.

Wayahudi wa Mbale ni Waafrika kama sisi. Hujiita Abayudaya, na makao yao makuu ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji. Aliyeianzisha jamii yao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuishika Uganda ya mashariki, kisha akakosana nao. Hakuna mmisionari wa Kiyahudi aliyemfikia. Aliisoma Biblia mwenyewe, akaridhika kwamba amri za Musa hazijafutwa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akatangaza kuwa wao ni Wayahudi. Alifariki mwaka 1928, akaacha jamii ya wakulima iliyozungukwa na majirani wasioielewa.

Jamii hiyo ilikosa elimu kwa sababu ya kusikitisha. Shule zilizokuwapo zilikuwa za misheni, na wazazi wa Kiyahudi waliogopa kwamba watoto wao watabatizwa humo. Wengi hawakuwapeleka. Watoto wakabaki shambani, na umaskini wa wazazi ukarithiwa na wana, kisha na wajukuu. Halafu akaja Idi Amin. Dini yao ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, watu wakasali kwa kujificha, na wengi wakahamia Ukristo au Uislamu. Husemwa kwamba jamii ya watu 3,000 hivi ilibaki na watu 300. Utawala ule uliisha namna gani, Mtanzania hahitaji kukumbushwa: wanajeshi wetu, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, waliingia Kampala Aprili 11, 1979. Jioni ya siku hiyohiyo Wayahudi duniani kote walikuwa wanaianza Pasaka yao, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Damu ya Watanzania imo katika uhuru wa watu wale kuabudu.

Sasa tazama walichofanya na uhuru huo. Walijenga upya sinagogi, ndiyo, lakini walijenga pia shule: ya msingi inaitwa Hadassah, na ya sekondari ina jina la Semei Kakungulu. Humo watoto hufundishwa Kiebrania na dini ya Kiyahudi pamoja na masomo ya mtaala wa Uganda. Mmoja wa vijana wa jamii hiyo, Gershom Sizomu, alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akaupata mwaka 2008, na akarudi kilimani kufundisha. Mwaka 2016 watu wa jimbo lake, ambao wengi mno si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge.

Katika yote hayo, kinachonigusa zaidi ni dawati. Watu ambao wazee wao waliogopa shule za dini nyingine walifungua shule yao ya dini, na wakawakaribisha humo watoto wa Kikristo na wa Kiislamu. Wangeweza kulipiza. Wangeweza kusema kila mtu na wake. Walimkaribisha mtoto wa jirani kwa sababu naye ni maskini kama wao, na mahindi na maharage ya chakula cha mchana yakaingia katika sufuria moja. Wakulima wa kahawa wa mlima Elgon walifanya jambo la aina hiyohiyo mwaka 2004, walipoungana Wayahudi, Wakristo na Waislamu katika ushirika mmoja, Mirembe Kawomera, ulioanzishwa na Myahudi wa Mbale, J.J. Keki. Shule na ushirika vilikua pamoja katika jamii hiyo, na siamini kwamba ni bahati tu.

Shule zile zina udhaifu, na lazima niuseme. Sehemu kubwa ya msaada wake hutoka Marekani, kwa Wayahudi walioguswa na habari za ndugu zao wa Afrika. Shirika la Kulanu, kwa mfano, limechangia chakula cha wanafunzi na mahitaji mengine ya shule hizo kwa miaka mingi. Wanastahili sifa, hasa kwa kukubali kugharamia uji na maharage, vitu visivyowekewa kibao cha shaba ukutani. Lakini sufuria inayongoja fedha kutoka ng'ambo ya bahari inaweza kupoa siku yoyote, kwa sababu ya vita, ugonjwa, au mabadiliko ya moyo wa mfadhili. Wakulima wa Mbale wana vishamba vidogo juu ya mlima uliojaa watu. Wakiomba msaada mbali, ninawaelewa. Sisi wa Kilombero tunaomba mbali kwa sababu gani?

Mimi ni Mkatoliki wa Ifakara, na najua shule za dini zimelifanyia nini bonde hili. Wabenediktini walianza Kwiro, kule Mahenge, mwaka 1902. Wakapuchini wa Uswisi wakaja mwaka 1921. Wamisionari hao na masista waliofanya kazi nao walisomesha babu na bibi zetu, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa mjini ni tunda la kazi hiyohiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilitoa njia kwa serikali kuzitwaa shule za mashirika ya dini ili ziwe za watoto wote, na mimi naona kusudi lake lilikuwa la haki. Seminari zikaachwa. Baadaye milango ikafunguliwa tena, na leo tuna shule za Kanisa, tuna shule za Kiislamu, tuna hosteli za masista na madrasa zenye mabweni. Nyingi zinafundisha vizuri. Swali ni nani anaingia.

Anayeingia ni mtoto wa anayeweza kulipa. Mtoto wa mkulima wa Mofu au Utengule haingii, na yeye ndiye anayeihitaji shule ya bweni kuliko wote. Tunajua maisha yake. Mvua zikianza, wazazi wanahamia bondeni, wanaishi kwenye dungu mpaka mpunga uvunwe. Mtoto ama anabaki kijijini na bibi, au na wadogo zake peke yao, ama anakwenda shambani kuamia ndege, na daftari lake linakaa miezi bila kufunguliwa. Akifaulu kwenda sekondari, shule iko mbali. Anapanga geto na wenzake, anajipikia, anajilinda. Binti wa miaka 14 anajilinda! Tangu mwaka 2016 serikali haitozi ada, na ni jambo kubwa, lakini ada haikuwa mzigo pekee. Kilichobaki ni sare, madaftari, mahali pa kulala na chakula. Viwili vya mwisho ndivyo vinavyowarudisha watoto nyumbani.

Shule ya dini ina uwezo wa kumtunza mtoto wa namna hiyo. Ina watu wanaolala hapohapo, ina ratiba ya sala na ya kuamka, ina mtu mzima anayejua kwamba fulani hakula jana. Sidhani kwamba ubora huo unatoka katika dini moja tu. Katika mapokeo ya Wayahudi kuna habari ya Yoshua bin Gamla, kuhani mkuu wa karne ya kwanza. Zamani zile, yasema Talmudi, kila baba alimfundisha mwanawe Tora, basi asiye na baba hakujifunza. Yoshua akaagiza walimu wawekwe katika kila wilaya na kila mji, na watoto waanze wakiwa na miaka 6 au 7. Walimu wa baadaye wakaweka na hesabu: mwalimu mmoja kwa watoto 25, wakifika 40 apewe msaidizi, na gharama itoke kwa watu wa mji. Angalia kilichowasukuma. Walimwona yatima aliyeachwa nje.

Na chakula? Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi sura ya 19, inamkataza mkulima kuvuna mpaka pembe za shamba lake. Pembe na masazo ni mali ya maskini na mgeni. Muislamu ana zaka ya mazao: sehemu moja ya kumi kwa shamba linalotegemea mvua, nusu ya hiyo kwa shamba la kumwagilia kwa gharama. Wakristo tuna sadaka ya mavuno, na tunajua jinsi inavyopelekwa madhabahuni kwa ngoma na vigelegele. Dini tatu zimekubaliana kwamba katika kila shamba kuna sehemu isiyo ya mwenye shamba. Mimi nasema katika bonde hili, mwaka huu, sehemu hiyo ipelekwe kwenye stoo ya shule inayopokea watoto wa wasio nacho.

Tupige hesabu, maana huruma isiyopimwa haijazi ghala. Chukua watoto 100 wa bweni. Mpe kila mmoja gramu 200 za mchele kwa siku, kwa siku 200 za masomo. Ni kilo 4,000, magunia 40 ya kilo mia. Kwa kuwa kilo mia za mpunga hutoa mchele wa kilo 65 hivi, unahitaji mpunga wa tani 6 na ushee. Familia 310 zikitoa kilo 20 kila moja, kazi imekwisha. Familia 310 ni waumini wa parokia moja ya kawaida, au wa misikiti miwili mitatu. Mwenye mashine akikoboa mzigo huo bure, akabaki na pumba, hajapoteza kitu kikubwa. Maharage na samaki, perege na kambale wa mto wetu, vitatafutwa kwa njia nyingine, lakini mchele ndio mzigo mzito, na huo tunao.

Nasikia pingamizi tayari. Jirani yangu Muislamu atauliza kwa nini apeleke mpunga kwenye shule ya masista. Ana haki ya kuuliza, na jibu lazima liwe kwa vitendo. Shule inayotaka mpunga wa watu wote isimlazimishe mtoto wa Kiislamu kuingia misa, isipike kitimoto katika jiko la wote, na imruhusu kufunga Ramadhani bila kunyimwa daku. Vivyo hivyo shule ya Kiislamu inayompokea mtoto wa Kikristo imwachie Jumapili yake. Shule isiyoweza kuahidi hayo ibaki na waumini wake, haina kosa, ila isipitishe bakuli kwa wengine. Mbale wameweza, tena wakiwa wachache kuliko wote wilayani kwao. Sisi tulio wengi tutashindwaje?

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mpunga utaliwa na wakubwa. Hilo limewahi kutokea katika michango mingi na hatuna haja ya kulifunika. Dawa yake ni daftari la stoo lililo wazi, linaloonyesha nani ameleta nini na kimetoka kiasi gani, na nakala yake ibandikwe ukutani kila mwezi ambapo mzazi yeyote anaweza kusoma. Kamati iwe na mama wawili wanaojua kupika kwa ajili ya watu wengi. Hao huwezi kuwadanganya kuhusu debe. Na orodha ya watoto wanaosamehewa ada itengenezwe na viongozi wa kitongoji pamoja na walimu wa shule za msingi, wanaowajua yatima na waliolala njaa, isitengenezwe ofisini kwa kujuana.

Kwa maaskofu, mashehe na wachungaji wa bonde hili nina ombi la wazi. Kila taasisi ya dini yenye shule ya bweni itangaze kabla ya Januari idadi ya nafasi ambazo mtoto wa maskini atasoma bila kulipa. Ziwe 10, ziwe 5, lakini zitajwe kwa namba mbele ya waumini. Watu wa Kilombero wakijua kuna watoto 10 wa kulisha watawalisha. Wakiambiwa tu kwamba shule ina mahitaji, watatoa sarafu.

Na wewe mkulima unayesoma gazeti hili huku ukingoja zamu yako mashineni: kabla hujauza gunia la mwisho, tenga kilo 20. Uliza shule ya dini iliyo karibu nawe inasomesha watoto wangapi wasiolipa. Ikikutajia namba, peleka mpunga wako na uhakikishe umeandikwa kwenye daftari. Ikishindwa kukutajia, mpunga wako upeleke kwenye shule ya kata iliyo jirani, ambako watoto wanashinda na njaa mpaka saa nane mchana.