Kimbunga Kikitajwa, Tusikimbizwe na Hofu

Msimu wa vimbunga huanza Juni 1 na huenda mpaka Novemba 30. Wengi wetu tulioletwa hapa Houston na kazi, masomo au ukimbizi tulikua tukijua masika na mafuriko. Lakini kuambiwa leo kwamba dhoruba itafika keshokutwa, mtaa huu uondoke na ule ubaki, hilo hatukulizoea. Jambo usilolizoea hutia hofu, na hofu hiyo imekwisha kuua watu wa mji huu huu.

Septemba 2005, wiki chache tu baada ya kimbunga Katrina kuizamisha New Orleans, kimbunga Rita kilionekana kinakuja Texas. Picha za watu waliokwama juu ya mapaa zilikuwa bado mbichi machoni. Zaidi ya watu milioni 2 wakaingia barabarani, wakiwemo wengi mno waliokaa mbali na bahari, ambao hakuna aliyewaamuru kuhama. Njia zote za kutoka mjini zikaziba. Jua lilikuwa kali, karibu nyuzi 38, na watu wakazima viyoyozi ili kubana petroli, huku watoto na wazee wamo ndani. Basi lililowabeba wazee kutoka nyumba ya kutunzia wazee ya Bellaire likashika moto karibu na Dallas, mitungi ya oksijeni ikalipuka, wakafa 23. Kimbunga chenyewe kikapinda, kikaingia nchi kavu kule mpakani na Louisiana. Texas ilipoteza zaidi ya watu 100, na walio wengi waliuawa na safari.

Asichukue mtu habari hii akasema basi, mimi sihami. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2008, kimbunga Ike kilifika Galveston kikiwa daraja la 2 tu, na wako waliobaki kwenye rasi ya Bolivar kwa sababu ya hiyo namba 2. Daraja hupima kasi ya upepo peke yake. Halisemi lolote juu ya maji ya bahari yanayosukumwa na kimbunga, na ndiyo yaliyofagia Bolivar nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo utulivu tunaouzungumzia hapa si wa kukaa ukisubiri majaaliwa. Ni wa mtu aliyekwisha amua mambo yake kabla televisheni hazijaanza kupiga kelele. Kanda za kuhama zimepangwa kwa msimbo wa posta, kuanzia pwani yenyewe, kisha A, B na C. Ijue kanda yako leo. Anayekaa Galveston au Texas City aondoke mapema, agizo likitoka tu, mafuta yakingali yanapatikana. Anayekaa Alief au Sharpstown yuko nje ya kanda hizo. Kwake la kuuliza ni kama mtaa wake hujaa maji ya mvua, kama tulivyoona wakati wa kimbunga Harvey mwaka 2017. Kama haujai na nyumba ni imara, mara nyingi kubaki ndani ndiko salama, na barabara anawaachia wanaoihitaji zaidi.

Halafu kuna simu. Kila aliyewahi kufunga mizigo saa kama hizo anazijua: mkono mmoja unakunja nguo za watoto, mwingine umeshika simu ya mama kutoka Tanga, ameona taarifa ya habari, analia, anataka mwanawe atoke sasa hivi. Hujamaliza, anapiga shangazi. Kundi la WhatsApp nalo limeshajaa sauti za watu wasiojulikana wakidai daraja fulani limevunjika. Tunapendekeza hivi: kila familia iteue ndugu mmoja nyumbani wa kupokea habari na kuwapasha wengine. Na ujumbe usio na tamko la kaunti au la Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Miami usisambazwe, hata kama aliyeuleta ni mzee wa heshima.

Watoto nao wanasoma nyuso zetu. Mpe mtoto kazi, ashike tochi au ahesabu chupa za maji, umwambie mnakwenda wapi na mtalala kwa nani. Paspoti, karatasi za uhamiaji, vyeti vya kuzaliwa na dawa vikae mfuko mmoja usiopenya maji. Asiye na gari, au mwenye mgonjwa nyumbani, apige 211 sasa ajiandikishe kwa msaada wa usafiri. Dhoruba ikishaingia Ghuba ya Meksiko atakuwa amechelewa.

La mwisho ndilo linalotusumbua zaidi. Wenzetu wengi wanafanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee na hospitali. Kaunti ikitoa agizo, wao hawawezi kuacha vitanda vya wagonjwa wakaenda kuwachukua watoto wao. Mama wa namna hiyo akiwa peke yake na watoto, utulivu tunaomhubiria hana pa kuutoa. Kamati ya jumuiya yetu imeanza kuwaandika wazazi wa zamu, na inatafuta familia zenye nafasi kwenye gari na chumba cha kulaza watoto usiku mmoja au miwili. Majina yanapokelewa kila Jumapili baada ya mkutano. Mwenye gari la viti saba, tafadhali aanze yeye.