Nani Alibeba Mizigo ya Matembezi Yao?

Toleo hili ni la safari. Mtu wa Goma hasafiri bila sababu: anavuka mpaka wa Petite Barrière alfajiri na bidhaa kichwani, anapanda boti kwenda msibani Bukavu, au anafunga godoro mgongoni kwa kuwa milio ya bunduki imesogea. Kwa hiyo tumechagua kuanza na watu waliopita huku kwetu kwa raha zao, bila kusukumwa na njaa wala vita, tuulize raha ile ilisimama juu ya mabega ya nani.

Katika karne ya 19, Wamarekani wenye mali walivuka Atlantiki kwa meli, wakakaa miezi Paris na Roma, wakarudi na vitabu vya safari. Kizazi kilichofuata kikatafuta mbali zaidi, na mbali hapo palikuwa kwetu. Mwaka 1921 walifika Kivu wanandoa wa Chicago: Herbert Bradley, mwanasheria, na Mary Hastings Bradley, mwandishi, pamoja na binti yao Alice wa miaka sita na mlezi wake. Walikuwa wametoka Cape Town kwa treni, wakavuka Ziwa Tanganyika kwa meli, kisha wakaingia milimani kwa miguu. Mwenyeji wao wa safari alikuwa Carl Akeley wa makumbusho ya viumbe ya New York, aliyefuata gorila wa milima ya Mikeno na Karisimbi. Alitaka wanawake na mtoto wawepo ili dunia ione kwamba gorila si jini la kutisha linalorukia kila mtu. Hata hivyo gorila watano waliuawa, na dume kubwa la Karisimbi lilianguka kwa risasi ya Bradley. Leo wanyama hao wamesimama nyuma ya kioo New York, katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1936 kwa jina la Akeley.

Mwaka 1922 Mary Bradley alitoa kitabu cha safari hiyo, On the Gorilla Trail. Yule mtoto naye alikua akawa mwandishi mashuhuri wa hadithi za kisayansi, akijiita James Tiptree Jr. Familia moja, matembezi ya miezi kadhaa, na kumbukumbu imedumu zaidi ya miaka mia moja.

Sasa fikiria msururu uliokuwa mbele na nyuma yao. Hema hazikupanda Mikeno zenyewe, wala vitanda, meza, makopo ya chakula, bunduki, kamera, na chumvi ya kuhifadhia ngozi. Wapagazi walivibeba kwenye matope na upupu wa msituni, katika baridi ambayo wenye makoti waliiandika kuwa mateso. Usiku mmoja mlimani kwa mgeni ulikuwa hadithi ya kusimulia nyumbani. Kwa mpagazi aliyejifunika nguo moja ulikuwa usiku wa kutetemeka. Wimbia Gikungu, Mkikuyu aliyemtumikia Akeley katika safari za Kenya, alipata sura nzima katika kitabu cha bosi wake cha mwaka 1923. Ni heri kuliko kimya, lakini hata hapo anayesema ni bosi.

Matembezi yale hayakuishia vitabuni. Akeley aliporudi kwao alipigania gorila walindwe, na tarehe 21 Aprili 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Albert, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, ile tunayoiita Virunga tangu 1969. Mwaka 1926 alirudi na mke wake, Mary Jobe; Novemba akafa kwa ugonjwa na kuzikwa Kabara, huko milimani, na mkewe akabaki kuimaliza kazi. Namheshimu Akeley kwa kuipigania hifadhi, na ninaamini bila mpaka wake gorila wasingekuwepo leo. Lakini mpaka uliwekwa bila kumuuliza aliyelisha ng'ombe pale, aliyetega, aliyeokota kuni. Ugomvi huo hatujaumaliza. Makaa mengi yanayoivisha maharage katika mtaa wa Mapendo hapa Goma yanatoka katika msitu huo, anayeyachoma anaitwa mwizi, na walinzi zaidi ya 200 wamekufa wakiulinda. Tunaozungumza kuhusu hifadhi bila kujua nani aliianza, na kwa macho ya nani, tunagombana gizani.

Wapo watakaosema watumishi wa zamani hawakuwa na la kusimulia. Si kweli. Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake ya Kiswahili yalichapwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Alieleza baridi, miji, chakula na watu kwa jicho lake mwenyewe, kwa sababu kuna mtu aliyemwambia aandike. Wapagazi wa Kivu hawakuambiwa.

Kazi hiyo imetuangukia sisi, na imechelewa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikateketeza nyumba za Mapendo pamoja na picha, vyeti na barua zilizokuwa kabatini. Vilivyoandikwa juu ya milima yetu vimehifadhiwa salama Marekani. Vya kwetu vimebaki katika vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya toleo lijalo nenda kwa babu, kwa shangazi, kwa jirani wa Rutshuru au Kibumba. Muulize kama katika ukoo kuna aliyebeba mizigo ya wazungu, aliyepika kambini, aliyeonyesha njia ya mlima. Tuletee jina lake kamili, kijiji chake, alichobeba, alicholipwa, na alichokisema aliporudi nyumbani. Tutachapa masimulizi hayo kwa Kiswahili kile kile alichokitumia anayesimulia.