Mwana Umleavyo: Chatiboti na Pengo la Kiswahili Tovutini

Wahenga walinena kuwa mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii yaziafiki barabara programu za mazungumzo, almaarufu chatiboti, ambazo mashirika huziweka katika tovuti zao ili ziwajibu wateja. Tarakilishi kuzungumza si jambo geni. Mwaka wa 1966, Joseph Weizenbaum wa MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu yake, ELIZA, ambayo aghalabu iliyageuza maneno ya msemaji kuwa maswali. Chatiboti za leo zaweza kulelewa kwa yaliyoandikwa katika tovuti ya shirika lenyewe.

Ulezi wenyewe ni huu. Kurasa hukatwa vipande vifupi; kila kipande hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu unaowakilisha maana yake. Mteja aulizapo, swali lake nalo hugeuzwa vivyo hivyo. Vipande vilivyo karibu nalo kimaana huteuliwa, kisha modeli ya lugha ikatunga jibu kutokana navyo. Faida yake ni bayana: ukurasa ukirekebishwa na kuingizwa upya, majibu nayo hurekebika.

Hata hivyo, jibu baya lina mwenyewe. Chatiboti ya shirika la ndege la Air Canada ilimwarifu abiria aliyefiwa kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli ya msiba baada ya kusafiri, ilhali ukurasa wa tovuti iyo hiyo ulisema kinyume. Mnamo Februari 2024, baraza la kuamua madai la British Columbia, Kanada, lilikataa hoja kuwa chatiboti inajibika yenyewe, likaliamuru shirika limlipe abiria huyo. Kwa hivyo, anayeiweka mashine mbele ya wateja ndiye mdhamini wa kauli zake.

Je, hali huwaje tovuti inapokuwa ya Kiingereza kitupu na mteja akauliza kwa Kiswahili? Hapo mashine hulazimika kuvuka mpaka wa lugha mara mbili: inapotafuta vipande, na inapotunga jibu. Katika kutafuta, mofolojia ya Kiswahili huleta mtihani. Neno “sijarejeshewa” ni sentensi kamili yenye nafsi, ukanushi, hali na mnyambuliko wa kutendesha, kutendea na kutendwa. Linatofautiana na “nimerejeshewa” kwa viambishi vya mwanzoni tu, lakini mteja mmoja analalamika na mwingine ameridhika. Katika kutunga, neno moja la Kiingereza hubeba dhana za riba, maslahi na hamu. Muktadha husaidia, ila pasipo istilahi zilizokubaliwa, mkopaji aweza kusoma “dhamana” leo na “rehani” kesho.

Wapo watakaodai kuwa modeli za sasa hutafsiri vyema, hivyo kurasa za Kiswahili ni gharama ya bure. Dai hili lina mashiko kiasi, kwani tafsiri za mashine zimeimarika mno. Lakini tafsiri inayozaliwa papo hapo haina mhariri. Kila mteja hupata toleo lake, na kosa halionekani hadi limdhuru mtu. Ukurasa uliohaririwa husomwa na wote, na kosa lake husahihishwa mara moja.

Isitoshe, Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo. Haki hiyo inapungua pale ambapo chatiboti ni fasaha kwa Kiingereza na yenye kigugumizi kwa Kiswahili.

Hapa ndipo idara na vyama vya Kiswahili vyuoni vina kazi ya kufanya. Wanafunzi wanaweza kuanza na tovuti za vyuo vyao: waandike kurasa za karo, udahili na malazi kwa Kiswahili sanifu na chepesi, wasanifishe istilahi, kisha waijaribu chatiboti kwa maswali halisi, hasa yenye ukanushi. Waidai pia ikiri inapokosa jibu na kumwelekeza mwulizaji kwa mhudumu. Ulezi ukiachiwa wahandisi peke yao, mwana huyu atakua bila Kiswahili, na lawama haitakuwa yao pekee.